Rubani Aliyekataa Kofia

Darasa la Mwenendo wa Makosa ya Jinai lilikuwa na wanafunzi sita, na asubuhi hiyo mmoja wao alikuwa amekamatwa.

Alikuwa Kalokola, kijana mrefu kutoka Bukoba, na kosa lake lilikuwa kuiba sweta la mwalimu. Aliyemkamata ni Tusajigwe Mwakalobo. Alimshika mkono mlangoni, akamwongoza hadi mbele ya darasa, akamwambia kwa sauti nzito kwamba yuko chini ya ulinzi, kisha akamwamuru atoe vitu vyote mfukoni. Kalokola akatoa kalamu, kitana na karanga. Wenzao walikuwa wanacheka hata kabla hajamaliza, maana sweta lenyewe alikuwa amelivaa, mikono imemwishia kwenye viwiko.

"Mwachie," alisema Dokta Shekivuli.

"Mwalimu, sweta analo mwilini."

"Ninaliona. Ni langu, alilifuma mama yangu huko Lushoto. Lakini umemkamata mtu bila kumwambia kosa lake. Anajuaje hujamkamata kwa ajili ya karanga? Mwachie, mwombe radhi, anza upya."

Tusajigwe akaomba radhi. Kalokola akaipokea radhi hiyo taratibu, kama mbunge, akarudi mlangoni na sweta lake. Akakamatwa tena. Safari hii aliambiwa kosa, akaambiwa anaweza kumwita ndugu au wakili, akaambiwa ana haki ya kunyamaza. Haki hiyo ya mwisho aliitumia kwa muda mfupi sana, halafu akadai karanga zake.

Ukumbi waliokuwamo ulijengwa kwa ajili ya wanafunzi mia tatu. Zamani ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Sasa wale sita walikaa safu ya mbele, na nyuma yao viti vilikuwa vitupu hadi ukutani. Mwaka uliofuata chuo kilikusudia kulifuta somo hilo, na Dokta Shekivuli alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakuwa mtu wa kununa. Alisema kama somo linakufa, basi lifie mikononi mwa watu wanaolijua vizuri, na akazidi kuwapa mazoezi.

Kipindi kilipoisha alimwambia Tusajigwe abaki.

"Nina mtu wa kukupa," alisema. "Si wa mazoezi. Ni mshtakiwa kweli, rubani wa puto la mizigo, mahakama ya wilaya, Tukuyu. Mimi nitakaa nyuma yako kama sheria inavyotaka, lakini atakayesimama ni wewe."

"Anashtakiwa kwa nini?"

"Wizi wa mbegu za viazi. Na amekataa Kofia."

Tusajigwe alifikiri hakusikia vizuri. "Amekataaje?"

"Kwa mdomo. Kaulizwa, kasema hapana."

Kalokola, ambaye alikuwa anajifanya anafunga viatu mlangoni ili asikilize, aliinua kichwa. Hakuna aliyewahi kuikataa Kofia. Iliandikwa kwenye sheria kwamba mshtakiwa anaweza kukataa, na kwamba mahakama haitachukua kukataa kwake kuwa ushahidi dhidi yake. Kila mwaka kifungu hicho kilitoka kwenye mtihani. Lakini kumwona mtu aliyekitumia ilikuwa kama kusikia kuna mtu kahamia mwezini na kuku wake.

Haikuwa kofia hasa. Ilikuwa ukanda mweusi wa mpira wenye vifungo vidogo vya chuma kwa ndani, unaofungwa kwenye paji la uso na kukutana kisogoni. Karani alimtajia mshtakiwa siku na saa, na kumbukumbu ya siku hiyo ikatoka kichwani mwake ikaonekana ukutani: alichokiona kwa macho yake, alichokisikia kwa masikio yake. Mtu hakuweza kuidanganya, kwa sababu haikuchukua anachokifikiri sasa, ilichukua kile ubongo ulichokiweka siku ile ile. Wala hakuweza kuichagulia. Ukiiambia ionyeshe asubuhi ya Jumanne, ilionyesha asubuhi ya Jumanne yote, na yeyote aliyekuwa karibu nawe. Na kwa kuwa kesi husikilizwa mahali pa wazi, watu walikuja kutazama, na wengine walikuja na watoto.

Kesi zilizokuwa zikichukua miaka sasa ziliisha kabla chai haijapoa. Mawakili wa jinai wakahamia kwenye mashamba na ndoa. Wasio na hatia walitoka magerezani kwa mamia, na mmoja wao alikuwa baba yake Tusajigwe.

Kwa hiyo, alipokuwa akiteremka kwenda Tukuyu siku iliyofuata, aliamini jambo moja tu kuhusu rubani huyo: kama anaikataa Kofia, basi ameziiba hizo mbegu.

*

Rubani aliitwa Ambwene Mwasandube. Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye mashavu ya kutabasamu, na alikuwa akiimba kwa pua askari alipomleta kwenye chumba cha mawakili. Alimwangalia Tusajigwe, akaangalia mlangoni kama anatazamia mwingine, kisha akaelewa.

"Ndiye wewe, dada wakili?"

"Ni mimi, kaka. Bado ni mwanafunzi. Mwalimu wangu atakuwepo siku ya kesi."

"Hata mimi niliwahi kuwa mwanafunzi. Siku ya kwanza puto langu lilitua juu ya bwawa la samaki." Akaketi. "Karibu, uliza."

Alikuwa akiendesha puto la mizigo la ushirika wa wakulima wa viazi. Maputo hayo yalikuwa marefu kama ndizi, ngozi yake ikinywa jua na kuligeuza kuwa nguvu ya kuzungusha mapangaboi. Hayakuwa na haraka, lakini masika barabara za milimani zilipogeuka uji, yenyewe yalipita juu yakiwa makavu. Kila wiki Ambwene alipeleka makreti arobaini ya mbegu Mbeya mjini. Wiki hiyo yalifika thelathini na manne. Tena kifaa cha kuonyesha njia kilisema kwamba katikati ya safari puto lilishuka kwenye malisho ya Isongole, mahali pasipo na kituo chochote, likakaa kidogo, likapaa tena.

"Ulishuka?" Tusajigwe aliuliza.

"Nilishuka."

"Kwa nini?"

Ambwene akatabasamu tu.

"Uliteremsha makreti?"

"Hata kiazi kimoja sikuteremsha."

"Basi kaka Ambwene, vaa Kofia. Ukivaa utarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usipovaa, unaweza kufungwa miaka miwili."

"Najua."

"Unaogopa itauma? Haiumi. Baba yangu aliivaa."

Rubani aliegemea mbele, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa mtu aliyechoka. "Sikiliza, dada. Siku ile nilikuwa na mtu. Huyo mtu alizungumza mambo yake mbele yangu, akalia, akacheka, tukiwa huko juu. Nikiivaa Kofia, Tukuyu nzima itamwona akilia. Yeye hajashtakiwa. Hajaulizwa kama anataka kuonekana. Hata nikitamka tu kwamba nilikuwa na mtu, watauliza nani."

Tusajigwe alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila namna, lakini si kwa jambo hilo.

"Je, yeye anajua uko ndani?"

"Hajui. Na nisingependa ajue mpaka amalize shughuli yake." Akapumua. "Lakini nitakuambia ukweli. Nina mke na watoto watatu, na humu ndani panachosha. Mimi sijasoma sheria. Wewe ndiye wakili wangu. Ukiniambia siku ya kesi nivae, nitavaa. Ukiniambia nisivae, sitavaa. Nimekuachia wewe."

Askari akagonga mlango. Ambwene alinyanyuka, akamshukuru kwa Kinyakyusa, *ndaga fijo*, akaanza tena kuimba kwa pua kabla hajafika kwenye kona.

*

Jumapili Tusajigwe alikuwa nyumbani kwao Mbeya. Baba yake alikuwa jikoni anapika ndizi na maharage, kazi aliyoipenda kuliko zote, taulo begani kama mpishi wa hoteli. Mzee Mwakalobo alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na soko zima la Mwanjelwa lilimwita Sikumoja. Tusajigwe alikua nalo jina hilo. Siku zote alidhani lilitokana na kuwaahidi wateja kwamba mashine yao itapona kwa siku moja.

Alimweleza baba yake habari za rubani, bila kutaja jina.

"Nataka nimwambie avae," alimalizia. "Wewe ilikutoa. Walisema umevunja duka, mashahidi wawili wakala kiapo wamekuona. Bila Kofia ungekuwa jela mpaka leo, na mimi hata nisingekujua vizuri. Kwa nini nimwache mtu afungwe wakati dawa ipo mezani?"

Baba alikoroga sufuria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unajua walichokiona siku ile?" aliuliza.

"Walikuona uko nyumbani. Si dukani."

"Nyumbani, ndiyo. Nikifanya nini?"

Tusajigwe hakujua. Hakuwahi kufikiria kwamba nyumbani mtu huwa anafanya jambo fulani.

"Usiku ule mama yako alikuwa anaondoka," alisema baba. "Alikuwa ameshafunga mizigo, na wewe mgongoni. Nilikuwa mlevi siku hizo, mwanangu, na alikuwa amechoka nami. Nikapiga magoti mlangoni. Nikamwambia, nipe siku moja. Nipe siku moja tu uone. Basi, hakimu aliona, karani akaona, na watu wote waliojaa mle ndani wakaona na kusikia. Nilipotoka nje nikiwa huru, sokoni walikuwa wananisubiri na jina jipya."

Alicheka, kwa kuwa alikwisha kulizoea. "Mimi sikujali. Nilikuwa huru. Siku hiyo ningecheza hata bila shati."

"Wewe hukujali," ilisema sauti nyuma yao.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na beseni la nguo. Tusajigwe hakujua amesikia kuanzia wapi.

"Yeye alikuwa anashtakiwa," mama aliendelea, akiweka beseni chini. "Alikubali kuvaa, ni kichwa chake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nimekuja kumwombea mume wangu. Nikainua macho, nikajiona ukutani, mkubwa kama nyumba. Nywele zimesimama, nimejifunga upande mmoja wa kanga, ninamtukana baba yako matusi ambayo hata mama yangu hajui kama nayajua. Watu wakacheka. Mwaka mzima sikukanyaga Mwanjelwa. Nyanya nilimwagiza jirani."

"Mama, hukuwahi kuniambia."

"Ningeanzia wapi?" Alikaa kwenye kigoda. "Sisemi wasingemtoa. Ningevaa hilo dude mimi mwenyewe kama lingemtoa. Ila hakuna aliyeniuliza. Wangeniuliza, ningesema ndiyo, huku nalia, lakini ningesema ndiyo. Ingekuwa imetoka kwangu."

Baba alifunika sufuria.

"Ile siku moja ulimpa?" Tusajigwe aliuliza hatimaye.

"Nilimpa," alisema mama. "Bado anaitumia."

Baba akacheka mpaka akaketi chini, na mama akacheka kwa kumwona anavyocheka, na ndizi zikaungua kidogo upande mmoja, wakazila hivyo hivyo.

Aliporudi chuoni jioni hiyo Tusajigwe alimpigia simu mwalimu wake.

"Nitamwambia asivae," alisema. "Akifungwa itakuwa mikononi mwangu. Lakini sitamwambia avae. Nitawaachia upande wa mashtaka wathibitishe."

Dokta Shekivuli akasema, "Unajua huu ndio msingi wa somo zima? Miaka ishirini sasa nawafundisha watu ambao hawatauhitaji. Njoo kesho mapema. Tutafanya mazoezi ya kuhoji mashahidi mpaka Kalokola aombe huruma."

*

Ukumbi wa mahakama ulijaa mpaka madirishani. Habari kwamba mtu amekataa Kofia ilikuwa imeshuka milima yote, na watu walikuja wakiamini kwamba mwisho wa yote atavaa tu, na wataona alikokwenda. Ukuta mweupe ulikuwa umefutwa vumbi. Kofia yenyewe ilikuwa juu ya meza ya karani, imekunjwa kama mkanda wa suruali.

Tusajigwe alimwinamia mteja wake kizimbani. "Usivae," alimnong'oneza.

Ambwene alifumba macho, akashusha mabega yote mawili.

Hakimu Mtengwa, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole, alimuuliza mshtakiwa kama anakubali kuvaa. Akasema hapana. Watu wakaguna kama timu yao imekosa penalti. Ikabidi mashahidi waitwe, na hapo ndipo Wakili wa Serikali, kijana nadhifu aliyeitwa Nyambita, alipoonekana kubabaika kidogo. Tangu apewe joho hajawahi kuhitaji shahidi wa pili.

Shahidi wa kwanza alieleza habari za kifaa cha njia na malisho ya Isongole. Tusajigwe hakumuuliza chochote. Puto lilishuka, hilo halikuwa na ubishi. Shahidi wa pili alikuwa Gwakisa, msimamizi wa ghala la ushirika, mtu mnene mwenye kofia ya sufu aliyoivua kwa heshima. Alisema makreti yaliyopakiwa yalikuwa arobaini, yaliyofika yalikuwa thelathini na manne, na mwenye puto ndiye huyo pale.

Tusajigwe alisimama.

"Shikamoo, Mzee Gwakisa."

"Marahaba, binti." Watu wakacheka. Hata hakimu alitabasamu.

"Makreti uliyapakia wewe?"

"Walipakia vijana. Mimi ni msimamizi."

"Wakati wanapakia ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Pale penye puto?"

"Pale karibu. Nilikuwa nakunywa chai kwa Mama Sekela."

"Ukiwa kwa Mama Sekela unaliona puto?"

"Unaliona. Ni kubwa lile."

"Na makreti unayaona?"

Gwakisa alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na swali lilimsumbua. "Makreti yanakuwa chini, nyuma ya ukuta."

"Kwa hiyo hukuyaona yakipakiwa."

"Sikuyaona kwa macho."

"Nani aliyahesabu?"

"Yalikuwa arobaini."

"Ndiyo, mzee. Aliyehesabu ni nani?"

"Huwa ni arobaini, binti," alisema Gwakisa, akigeuza kofia yake mkononi. "Kila wiki ni arobaini. Tangu nianze kazi ni arobaini."

Kicheko kilianzia dirishani, kikaenea hadi mbele. Hakimu alisubiri kiishe.

"Wale vijana waliopakia," Tusajigwe aliendelea, "polisi waliwahoji?"

"Hawakuulizwa. Waulizwe wa nini, wakati Kofia ipo?"

Tusajigwe alishukuru akakaa. Nyuma yake alisikia Dokta Shekivuli akitoa pumzi ndefu, kama mtu anayevua viatu vinavyobana.

Nyambita alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na alizungumza bila hasira. "Mheshimiwa Hakimu, haya yote ni ya nini? Tunahoji watu kuhusu chai. Kifaa kiko pale mezani. Mshtakiwa akikivaa, kabla hatujapumzika tutajua kama makreti yalikuwemo, alishuka kwa nini, na alikutana na nani. Kama hana hatia, leo atalala kwake. Mtu asiye na cha kuficha anaogopa nini?"

Ukumbi mzima ulikubaliana naye. Ilionekana kwenye vichwa. Na Tusajigwe naye, kama ingekuwa wiki mbili zilizopita, angeitikia kwa kichwa pamoja nao.

"Mheshimiwa," alisema, "rafiki yangu msomi anauliza kitu cha kuficha. Mimi nadhani kila mtu humu ndani anacho, na karibu hakuna ambacho ni kosa la jinai. Kuna mtu amelia mbele ya mwenzake. Kuna mtu ameomba msamaha nyumbani kwake. Kofia haimwonyeshi mshtakiwa peke yake. Inamwonyesha kila aliyekaa naye, na hao hatuwaulizi. Ndiyo maana sheria ikamwachia mtu neno moja la kusema, hapana. Likigeuka kuwa ushahidi dhidi yake, litakuwa halipo tena."

Akaendelea. "Na hata tukiliacha hilo. Upande wa mashtaka unasema makreti sita yaliibwa kutoka kwenye puto. Hawajaleta hata mtu mmoja aliyeyaona yakiwa ndani ya puto. Naomba mahakama ione kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu."

Hakimu Mtengwa aliweka kalamu chini. "Wakili, wewe unajua alikuwa na nani siku hiyo?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hakukuambia?"

"Sikumuuliza."

"Unamtetea mtu na hujui alikuwa wapi?"

"Sihitaji kujua ili nimtetee, Mheshimiwa. Wanaohitaji kujua ni wao."

Hakimu alimtazama kwa muda, kisha akatazama ukuta mweupe, akatazama na Kofia. Aliahirisha kwa muda mfupi ili aandike. Watu hawakutoka, wakiogopa kupoteza nafasi zao. Ambwene alikaa kizimbani akiangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaimba.

Hakimu aliporudi alisoma polepole. Alisema amesikiliza kesi kwa miaka thelathini, na ishirini ya mwisho alikuwa ametazama tu. Alisema ushahidi kwamba mali ilikuwepo haupo, na kunyamaza kwa mshtakiwa hakuwezi kuziba pengo hilo. "Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yuko huru."

Kwa sekunde chache hakuna aliyejua la kufanya, maana walikuja kutazama ukutani na ukuta haukuwa na kitu. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba hataona chochote, alianza kupiga makofi peke yake. Wakamfuata wengine. Kalokola, aliyesafiri na darasa zima kuja kutazama, alipiga mluzi, akatolewa nje na askari baada ya kuambiwa wazi kosa lake ni nini.

*

Uani kwenye majani Ambwene alikuwa akikumbatiwa na mkewe na watoto watatu kwa wakati mmoja, ikawa vigumu kujua mikono ni ya nani. Gwakisa alijongea, simu mkononi, uso umemshuka.

"Wameyakuta," alisema. "Mwenyekiti kawauliza wale vijana sasa hivi. Wanasema siku ile walibakiza sita chini ya turubai, maana makreti ya wiki hiyo yalikuwa mapana, puto likajaa. Wanasema hakuna aliyewauliza." Akakuna kichwa. "Yameota. Wanasema machipukizi yametoboa turubai."

"Basi yapandwe, mzee," alisema Ambwene, na akamshika bega.

Wakati huo lango lilifunguliwa kwa kishindo, wakaingia mwanamke na mwanamume wakitembea haraka kama wanaokimbia mvua. Mwanamke alikuwa wa makamo, kitenge kimepigwa pasi vizuri lakini viatu vimejaa tope. Mwanamume aliyemfuata alikuwa mkubwa kwake, mtulivu, koti lake likinuka pareto. Mwanamke alimwona rubani, akasimama.

"Tumechelewa?"

"Mmechelewa," alisema Ambwene taratibu. "Na hakuna shida, mama. Imekwisha. Nani kakwambia?"

"Nimesikia jana sokoni. Kwa nini hukuniletea habari, Ambwene? Ningekuja siku ya kwanza."

"Ulikuwa hujamaliza kwako."

Mwanamke akamgeukia Tusajigwe. "Wewe ndiye wakili? Mimi naitwa Subilaga. Nimekuja kutoa ushahidi. Nitasema yote."

"Mama, kesi imefungwa," alisema Tusajigwe. "Hakuna anayekudai neno lolote. Unaweza kurudi nyumbani na jambo lako."

Subilaga alitikisa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini alikuwa anatabasamu. "Leo asubuhi nimelisema mara ya kwanza. Nimeona halijaniua. Acha niliseme tena." Akavuta pumzi. "Nina binti. Nilimzaa nikiwa msichana wa shule, kabla sijaolewa, na wazazi wangu wakampeleka kwa watu wa Mbeya. Anaitwa Edina, sasa ni mwalimu. Alinitafuta yeye mwenyewe. Nilitaka nimwone kwanza, ndipo nije nimwambie mume wangu kwa mdomo wangu. Na stendi ya Isongole nzima ni shemeji zangu, ningepanda gari gani nisiulizwe naenda wapi? Ndipo Ambwene akanishushia puto malishoni. Njia nzima nililia na kucheka, akawa ananiimbia."

Mke wa Ambwene alimtazama mumewe. "Ndiyo hilo ulilokuwa unanificha?"

"Ndilo hilo."

Akampiga kibao chepesi begani, kisha akamkumbatia Subilaga kama ndugu yake.

Hakimu Mtengwa alikuwa akipita kwenda kunywa chai, joho mkononi. Alipoona kundi lile alipunguza mwendo. "Wakili," alisema, "hawa ni akina nani?"

"Wageni wangu, Mheshimiwa."

"Wageni tu?"

"Wageni tu."

Hakimu alisubiri kidogo, akaona hakuna kinachoongezwa, akaenda zake akicheka peke yake. Dokta Shekivuli, aliyekuwa pembeni na sweta lake la Lushoto, alijifuta macho kwa mkono wa sweta hilo.

Mume wa Subilaga hakuwa amesema neno tangu waingie. Alikuwa amesimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye kanisani. Sasa alikohoa, na wote wakamgeukia.

"Mimi nimeambiwa asubuhi hii kwamba nyumbani kwangu kuna binti," alisema. "Chai nimeiacha mezani. Njiani kote nimekuwa nikifikiria, na sina la kusema ila nataka kumwona. Leo, ikiwezekana." Akamgeukia rubani. "Mwanangu Ambwene, nilitaka kuuliza. Lile puto lako, mtu na mkewe wanaenea?"

Ushirika ulikataza kabisa abiria kwenye puto la mizigo, na kila mtu pale uani alijua. Gwakisa akaanza kuangalia mawingu. Ambwene akamwangalia wakili wake.

Tusajigwe alichukua mkoba wake, akamshika mwalimu wake mkono.

"Mzee wangu," alisema, "swali hilo naomba uliulize mimi nikishatoka getini."

Wakatoka. Walikuwa bado hawajafika barabarani walipomsikia Ambwene nyuma yao, ameanza kuimba, safari hii kwa mdomo wazi.